Niliondoa mkwaruzo kwenye baiskeli ya kaboni ya mjomba wa mchumba wangu, akasema siyo yake

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine mko poa?

Hili jambo nimekaa nalo tangu mwaka juzi, sasa limeiva, naliweka mezani. Yote nitakayoandika yalinitokea mimi mwenyewe hapahapa Morogoro. Majina nimebadilisha, maana mmoja wa wahusika ana simu janja na hupita humu kusoma habari za mpira.

Wale wa "fupisha mkuu", huu siyo uzi wenu. Wengine vuteni viti.

Iko hivi.

Mimi ni fundi wa madirisha na milango ya aluminium, nina banda langu Kihonda. Kama hujawahi kufanya kazi hii hujui mkwaruzo ni nini. Mteja anaweza kuishi kwenye nyumba isiyo na dari miaka mitatu, lakini fremu ya dirisha ikiwa na mchubuko wa nusu ukucha anakwambia ng'oa. Nimeshang'oa dirisha zima kwa alama ambayo mteja mwenyewe ilibidi avae miwani ndipo anionyeshe.

Kwa hiyo nina ugonjwa. Nikialikwa harusi, kabla sijamtazama bibi harusi nimeshakagua fremu za ukumbi.

Ugonjwa huo ndio ulioniponza.

Wakati huo nilikuwa namchumbia binti wa Kiluguru, tumwite Felista. Kwao ni Bigwa, pale mji unapoishia na mlima unapoanza. Mimi ni mtu wa Singida. Kwetu ukitaka kuoa unaongea na baba, baba akikubali mmemaliza. Nikapeleka barua ya posa kwa baba yake Felista, mimi na mshenga wangu, nikiwa na confidence ya kutosha.

Mzee wa watu akaipokea vizuri, akatupa chai na magimbi, kisha akasema, "Mimi sina neno. Ila mnajua mwenye neno ni mjomba wake."

Sisi hatukujua.

Kwa wasiojua kama mimi: kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Kaka wa mama ndiye mwenye sauti. Baba anaweza kukupenda hadi akakupa mbuzi, mjomba akisema hapana umerudi Singida na mbuzi wako.

Huyo mjomba tumwite Mzee Banzi. Bwana misitu mstaafu, miaka sitini na ushee, mjane, mkimya. Anaongea maneno machache na kila moja unalibeba hadi nyumbani.

Na alikuwa na baiskeli ya kaboni.

Hapa nisimame kidogo. Siyo hizi baiskeli za chuma tunazobebea mikungu ya ndizi. Hii ni ya mashindano, mwanawe anayeishi nje alikuja nayo likizo akamwachia. Fremu nyeusi, ukiitazama juani unaona nyuzi za kaboni zimesukwa chini ya rangi kama mkeka. Unainyanyua kwa vidole viwili. Kila alfajiri mzee alivaa kaptura ya kubana, jambo ambalo Bigwa waliliongelea mwaka mzima, akaenda mpaka Mikese na kurudi.

Barua yangu ilikaa kwake wiki tatu bila jibu. Felista akiulizwa anasema, "Mjomba anafikiri." Nikaanza kukonda.

Siku moja nikaitwa. Mimi peke yangu, bila mshenga. Nikakuta baiskeli imesimama sebuleni.

"Nakwenda Dar kutolewa mtoto wa jicho," mzee akasema. "Nitakaa wiki mbili kwa binti yangu. Nyumba hii ina wapangaji, siwaamini. Hii itakaa kwako. Siku nitakayorudi utaniletea, na barua yako nitaijibu siku hiyohiyo."

Wakuu, mmeelewa? Ule ulikuwa mtihani. Mtu anakupa kitu anachokipenda kuliko vyote, anaangalia utakavyokitunza, halafu ndipo aamue akupe mpwa wake.

Na hapohapo nikafanya kosa la kwanza.

Kazini kwangu sipokei wala sikabidhi kitu bila kukagua na mwenyewe. Tunazunguka fremu pamoja, tunaonyeshana kila alama, tunaelewana. Lakini mkwe wako mtarajiwa anapokukabidhi baiskeli yake, utachuchumaa mbele yake uanze kuikagua? Ni kama kuhesabu vijiko ukitoka kula kwa watu. Nikapokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikaondoka bila kutazama chochote.

Siku ya tatu nikaamua kuiosha. Haikuwa chafu, nilikuwa najipendekeza tu, na mzee hata hakuwepo. Nikachukua sabuni ya vyombo na kitambaa laini, nikaanza kwenye usukani nikirudi nyuma.

Chini ya lile bomba la juu, karibu na usukani, kidole kikanasa.

Nikainama. Alama. Umbo la nusu mwezi, ukubwa wa kidole gumba, rangi imebanduka mpaka nyuzi za kaboni zinaonekana.

Nikakaa chini kabisa, pale kwenye maji ya sabuni.

Maana jana yake nilikuwa nimeiegemeza kwenye mabomba ya aluminium pale bandani, kwa dakika tano tu, nikimhudumia mteja. Sikusikia ikigonga wala sikuiona ikiteleza. Lakini kwa akili yangu ya fremu, kesi ilikuwa imeisha. Nimemkwaruzia mzee baiskeli.

Mshenga wangu alikuwa jirani yangu Kihonda, Mzee Sefu, karani mstaafu wa mahakama. Kila jambo kwake ni shauri. Nikamwendea mbio, nikamweleza, nikasema nataka nimpigie mzee simu nimuulize tu kama ile alama ilikuwepo.

Akavua miwani. "Mkwe haulizwi," akasema. "Ukimuuliza kama alama ilikuwepo, unamwambia alikukabidhi kitu kibovu. Akijibu haikuwepo, umekiri kosa. Swali lenyewe linakufunga."

"Basi nimuulize Felista."

"Ukimwambia Felista umemwambia mama yake. Ukimwambia mama yake umemwambia kaka yake. Na kaka yake ndiye mwenye baiskeli."

Nilimwona mtu mwenye busara sana siku ile. Leo nikimkumbuka nasaga meno.

Nikaja humu. Wengine mtaukumbuka uzi wangu, niliuliza kwa kuzungusha kwamba "rafiki yangu ana baiskeli ya kaboni ina alama". Mkanijibu. Mmoja akasema kaboni haitoi taarifa, ikipata ufa inakatika ghafla na rafiki yangu ataokota meno barabarani. Mmoja akasema weka picha ya mchumba, wakati mchumba sikumtaja popote. Mmoja, Mungu ambariki, akasema chukua sarafu, gonga taratibu kuzunguka alama, usikilize. Pazima panalia kavu na kukata, penye ufa panalia butu.

Sasa hofu ikawa mbili. Mwanzo niliogopa kukosa mke. Sasa nikaogopa pia kumuua mjomba wa mke.

Nikagonga. Sauti ikalia kavu. Nikagonga tena, nikasikia butu. Nikagonga mara ya hamsini nikawa sisikii chochote, masikio yamechoka.

Nikampelekea fundi baiskeli wa mtaani. Akaigeuza, akaipiga kofi, akauliza, "Hii plastiki?" Nikamwambia ni kaboni. Akafikiri, akasema hakuna tatizo, atachomelea. Nikaikumbatia baiskeli nikaondoka.

Ndipo nikamkumbuka Mama Vyungu.

Huyu mama anauza vyungu vya udongo kando ya barabara ya kuelekea Bigwa. Nimempita mara nyingi nikienda kwa Felista. Ukitaka kununua chungu kwake, hakuachi uondoke kabla hajakigonga kwa kifundo cha kidole karibu na sikio lako. Akisikia hakilii sawa anakiweka pembeni hata kama macho yako hayaoni ufa. Nikasema, kama kuna sikio Morogoro nzima, ni hili.

Nikaizungushia baiskeli blanketi zima isipate alama nyingine, tukaipakia kwenye bajaji. Njiani watu walituangalia, na tulipokaribia Bigwa mama mmoja akasema, "Poleni na mgonjwa." Nikaitikia tumeshapoa.

Mama Vyungu hakushangaa hata kidogo. Akafunua blanketi, akauliza panapouma ni wapi. Nikamwonyesha. Akagonga kwa kifundo mbali na alama, akagonga karibu, akagonga juu ya alama yenyewe, ameinamisha kichwa. Akapita bomba zima hivyo.

"Kizima," akasema. "Hapa imechubuka ngozi tu. Mfupa mzima."

"Una uhakika mama?"

"Wewe unauza nini?"

"Madirisha."

"Basi kauze madirisha."

Akanilazimisha kununua chungu, nikanunua. Chungu hicho ninacho mpaka leo na kinapika maharage vizuri.

Wakuu, pale ndipo mtu mwenye akili angeishia. Fremu nzima, alama ni ya juu tu, rudisha kitu kwa mwenyewe, useme samahani mzee nimeona hapa pamechubuka. Lakini nimewaambia nina ugonjwa. Nilipofika nyumbani na kuliona lile nusu mwezi, nikaona mteja anasema ng'oa.

Nikampigia Masanja.

Masanja ni fundi rangi za magari, banda lake halipo mbali na langu. Mkono wake ni hatari. Gari linaingia kwake limekunjika mlango, linatoka mwenyewe analipita akidhani siyo lake. Kumbukeni sifa hiyo, itarudi.

Nikamweleza masharti: asitie msasa kwenye nyuzi, asipashe moto, asiguse kitu kingine. Akaniambia nimwachie. Akasafisha kidonda kwa spiriti, akakiziba kwa puti kidogokidogo, akasawazisha, akapuliza rangi.

Kisha akaona rangi mpya imeng'aa kuliko ya zamani, akapuliza bomba zima.

Bomba likang'aa kuliko fremu, akapuliza fremu nzima, juu mpaka chini, na klia mbili, ile dawa ya kung'arisha. Na kwa mapenzi yake mwenyewe, upande wa kulia akaniandikia "SUBIRA" kwa herufi za dhahabu. Nilimwambia afute lile neno mbele yangu. Akafuta huku amenuna.

Lakini kusema ukweli, ilipendeza. Nilitafuta alama kwa jicho, nikatafuta kwa tochi, nikapitisha ukucha. Hakuna. Nilijisikia mwepesi, nikampigia Felista kumsalimu tu, akauliza mbona nacheka.

Wiki mbili zikaisha. Mzee akarudi.

Jumamosi asubuhi nikaenda kwake Bigwa na Mzee Sefu, yeye kanzu iliyonyooshwa, mimi shati jeupe. Mzee Banzi alikuwa amekaa barazani, barua yangu mapajani, miwani mikubwa myeusi, jicho moja bado limezibwa pamba. Mama yake Felista yupo, baba yupo, Felista anachungulia dirishani. Fremu ya mbao lile dirisha, ina mikwaruzo sita. Nilihesabu.

"Shikamoo mzee. Pole na jicho."

"Marahaba. Lete."

Nikaisogeza. Hakuitazama hata. Akaweka mkono wa kushoto kwenye usukani, na kidole gumba cha mkono wa kulia akakipitisha chini ya bomba la juu.

Akapitisha. Akarudisha. Akapitisha tena, polepole.

"Hii siyo yangu," akasema.

Mzee Sefu akacheka kidogo, akidhani ni utani wa wakwe.

"Nimesema siyo yangu. Yangu iko wapi?"

Mzee akasimama, akaingia ndani, akafunga mlango. Barua akaingia nayo.

Kufikia jioni Bigwa nzima ilikuwa inajua kwamba yule wa aluminium ameuza baiskeli ya Mzee Banzi, akamletea feki ya kupakwa rangi. Felista akanipigia. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Niambie ukweli. Umeiuza?"

Iliniuma kuliko kitu chochote mpaka leo. Nikamwambia sijauza, ni ileile, nitathibitisha. Akasema, "Kwa nini basi mjomba aikatae?"

Najua kuna mtu humu tayari anaandika "mbona hukuangalia namba ya fremu". Mkuu, nimeangalia. Mzee hakuwahi kuiandika popote. Na hata angeiandika, Masanja alishaipitishia rangi safi kabisa.

Kesho yake Mzee Sefu akaomba kikao. Mtu yule alikuwa amesubiri kesi hii tangu astaafu. Alikuja na daftari. Akapanga viti palepale barazani, akaweka baiskeli katikati, akaniambia nikae upande wa kushoto. Wazee wa ukoo wakaja watatu. Mzee Banzi alikaa na miwani yake, hajibu salamu yangu ila kwa kidevu.

Shahidi wa kwanza, Mama Vyungu.

Mzee Sefu akamuuliza kama anaitambua baiskeli. Akasema kwa macho haitambui, ilikuja kwake imefungwa blanketi na rangi yake haikung'aa hivi. Akaombwa aitambue kwa njia yake. Akainuka, akaligonga bomba la juu mara nne, watu wote kimya. Ugomvi wa kuku nyuma ya nyumba ulisikika vizuri.

"Ndiyo hii," akasema. "Sauti ni ileile."

Mzee mmoja wa ukoo akasema na yeye anataka kusikia. Akagongewa. Akasema kweli. Sijui alikuwa anailinganisha na nini.

Mzee Banzi akasema, "Sauti inaweza kuwa yake. Mwili siyo wake."

Mzee Sefu akaandika hilo.

Shahidi wa pili, Masanja. Alikuja amevaa vizuri na alikuwa na furaha, maana kwa mara ya kwanza kazi yake inajadiliwa na wazee. Akaeleza alichofanya, na kila hatua akitaja namba ya msasa.

"Ulitengeneza nini hasa?" Mzee Sefu akamuuliza.

"Kulikuwa na kidonda chini ya bomba hili. Kama nusu mwezi, kama dole gumba hivi. Nimekiziba."

Mzee Banzi akanyanyua kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile.

"Umekiziba?"

"Nimekiziba mzee. Tafuta hata na tochi hukioni."

Mzee akavua miwani. Lile jicho lisilo na pamba lilikuwa jekundu, sijui ni dawa au nini. Halafu akaongea, na niwaambie ukweli, sijawahi kumsikia akiongea maneno mengi vile tena.

"Mvua ilikuwa inanyesha," akasema. "Nikaiingiza jikoni isilowe. Konsolata alikuwa anasonga ugali. Akasema toa hiyo kitu jikoni kwangu. Nikamwambia subiri kidogo. Akanirushia mwiko. Mimi nikainama, ukaipata baiskeli."

Konsolata ndiye marehemu mkewe.

"Nilikasirika sana. Yeye alicheka mpaka ugali ukaungua. Tukaula hivyohivyo. Masika yaliyofuata hakuwepo." Akavaa tena miwani. "Kila asubuhi kabla sijapanda naweka kidole pale. Ndiyo salamu yangu."

Wakuu.

Mimi ndiye niliyelipia hiyo salamu ifutwe, na klia mbili juu yake.

Felista alikuwa anafuta machozi mlangoni, na mama yake pia. Hawakuwahi kuijua hiyo habari, mzee hakumsimulia mtu. Nilimwonea mzee huruma, nikajichukia, na katikati ya yote nikakumbuka kwamba swali moja tu kwenye simu, "Mzee, hii alama ilikuwepo?", lingemaliza kila kitu siku ya tatu. Nikamtazama Mzee Sefu. Alikuwa anaandika.

Ndipo Masanja, mtu mwema kabisa asiyejua kunyamaza, akasema, "Mzee usijali. Ninao mwiko nyumbani, naweza kuupiga upya palepale."

"Shahidi akae chini," Mzee Sefu akasema. Ndilo jambo la maana alilofanya kwenye posa yangu yote.

Nikasimama. Nikamuuliza Masanja kitu kimoja: kile kidonda alikisugua kwa msasa kabla ya kukiziba, au alikiziba kama kilivyo? Akaapa alikisafisha kwa spiriti tu, hakukigusa, kwa sababu mimi mwenyewe nilimkataza kutia msasa kwenye nyuzi.

"Kwa hiyo bado kimo," nikasema. "Kiko chini. Mzee, nipe siku nne."

Mzee Banzi akasukuma baiskeli kwa mguu kidogo kuelekea upande wangu.

Nilifunga banda. Wateja wakapiga simu, sikupokea. Nikakaa na beseni la maji, sabuni, na msasa wa maji ule laini kabisa tunaoutumia kumalizia. Masanja alitaka kuja na mashine yake nikamwambia akigusa mlango wangu tutagombana.

Siku ya kwanza nilitoa klia. Unasugua mara tatu, unafuta, unapitisha kidole. Unasugua mara tatu. Kwa mtu aliyeishi akiondoa mikwaruzo, kukaa unautafuta mmoja kwa kidole siyo jambo dogo. Mikono inakataa.

Siku ya pili rangi ikaanza kupauka, na chini yake kikatokea kivuli cha kijivu. Puti. Umbo la nusu mwezi. Nilikaa nikalitazama kama jamaa niliyempoteza stendi.

Siku ya tatu niliacha msasa, nikatumia njiti za meno. Nilibandua puti punje kwa punje. Nilitumia boksi zima. Kwenye kona moja, ile ya mbele, nilikuwa nimesugua kidogo kuliko inavyotakiwa kabla sijaacha msasa, na ncha ya nusu mwezi ikapotea. Kama punje ya mchele hivi. Nilitukana kwa Kinyaturu.

Siku ya nne nikampelekea. Sikwenda na mshenga.

Baiskeli ilikuwa mbaya kuitazama. Fremu yote inang'aa, na pale chini ya bomba kuna kiraka kilichopauka, na katikati yake lile shimo. Kazini kwangu ningeambiwa ng'oa nyumba nzima.

Mzee alikuwa ameshatolewa pamba. Angeweza kuangalia. Hakuangalia. Akafumba macho yote mawili, akashika usukani, akapitisha dole gumba chini ya bomba.

Likasimama.

Likakaa pale muda mrefu. Mimi nilikuwa nimesimama na kofia mkononi, sijui niangalie wapi.

"Kona hii imepungua," akasema.

"Ndiyo mzee. Msasa ulinizidi. Nisamehe."

Akaipapasa ile kona mara mbili.

"Basi hiyo kona ni yako," akasema. Akafumbua macho. "Mwambie Sefu awalete wazee wako. Na daftari lake aliache nyumbani."

Nililia wakuu, sifichi. Nililia mpaka mama yake Felista akaniletea maji.

Tulifunga ndoa kanisani baada ya mavuno. Fremu za lile kanisa ni za chuma, rangi imebanduka karibu kote, na kwa mara ya kwanza maishani sikuzikagua mpaka misa ilipoisha.

Kwenye nasaha ukumbini kila mzee alisema lake, marefu. Zamu ya Mzee Banzi ilipofika akasimama, akatoa kitu kwenye mfuko wa rambo, akampa Felista. Mwiko wa mninga, mzito, umeungua kidogo ubavuni. Ukumbi haukuelewa. Sisi wa kikao tulielewa.

"Ukirusha," akamwambia, "lenga yeye. Baiskeli iache."

Akakaa. Hiyo ndiyo nasaha aliyotoa.

Sasa tunaishi Kihonda. Mlango wa jikoni kwetu nimeutengeneza mwenyewe, aluminium ya nguvu, kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Mwezi wa tatu wa ndoa niliingia na viatu vya tope Felista akiwa amemaliza kupiga deki. Nikainama kwa wakati.

Wateja huja nyumbani kuangalia mfano wa kazi. Wanauzunguka ule mlango, wanasifia, halafu wanafika pale katikati, wanainama, wananiambia, "Fundi, hapa una alama, mbona huiondoi?"

Nawaambia waangalie bawaba.

Nilichojifunza ni hiki: kitu cha mtu kirudishe na makovu yake, na kabla hujaziba chochote, uliza, hata kama anayeulizwa ni mkwe na mshenga amekataza. Hasa kama mshenga amekataza.

Haya, mimi nimemaliza, uwanja ni wenu. Na wewe uliyesoma mpaka hapa, nenda kapitishe kidole kwenye vitu vyako vya nyumbani, halafu uje utuambie ni alama ipi ambayo fundi akiigusa mtagombana. Na yule mkuu aliyenipa habari ya sarafu, kama bado yumo humu ajitokeze. Nina chungu kipya cha kumpa.